Tyubu Tisa Zenye Herufi F

Mmenisumbua niandike, basi naandika. Siku ile mliyoniaga, sahani za pilau mikononi, mlisema Bi Kazija akiondoka ataondoka na mambo yote kichwani. Nikawajibu kweli yamo, ila hayajapangwa. Vyeo na mshahara sitaviandika. Vyeo vilichelewa na mshahara mnaujua. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika lile jambo la Asya, maana nasikia mnalisimulia nusunusu wakati wa chai, na kila mmoja ana nusu yake. Yangu ni ndefu zaidi kidogo, lakini msidhani mimi nimelielewa.

Nilianza katika chumba kimoja cha chini, Mji Mkongwe. Ukuta ulikuwa unatoa chumvi, ukiegemea koti lako jeupe linazidi weupe. Darubini ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa Mzee Makame, Mtumbatu, mwembamba, mchache wa maneno. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha hakusema kitu tena mpaka adhuhuri. Muda wote huo alinikalisha nitazame slaidi moja ya damu. Adhuhuri akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia nimeona vidoadoa vya zambarau. "Vingapi?" Sikuwa nimevihesabu. Akanirudisha kwenye kiti, na mchana wote nikahesabu.

Ni yeye aliyenifunza kuandika herufi moja. Slaidi ni ndogo, penseli ni butu, wagonjwa wamejaa barazani. Mwenye malaria tulimwandikia A, yaani ana. Asiye nayo tulimwandikia H, yaani hana. Basi, kazi imekwisha. Nusu ya mji imepita katika A na H za Mzee Makame, na sikumbuki hata mmoja aliyepewa dawa ya mwenzake. Kwa hivyo msinicheke nikisema kwamba herufi moja niliiona ndiyo heshima ya kazi. Anayeandika neno zima, Mzee Makame akisema, hana uhakika na alichokiona.

Baadaye nikahamishiwa maabara kubwa, hii yenu, upande wa Amani. Nilikuta pipeti zinazopima tone ambalo jicho halilioni, nikakuta friza zenye baridi ya kuunguza kidole. Siku za mechi uwanjani kelele zilitufikia mpaka kwenye mizani. Wakifunga bao, namba zinacheza, unangoja washangiliaji watulie ndipo upime tena. Hayo nilijifunza kwa kuharibu. Pipeti ya kwanza niliyopewa niliilaza ikiwa na maji ndani, yakaingia kwenye springi yake, ikapata kutu. Tangu hapo nikiona mtu ameilaza pipeti namwinulia, na wengi wenu mnanijua kwa hilo tu.

Asya alikuja nikiwa nimebakisha miaka michache. Mtoto wa Uroa, mama yake Bi Mize mkulima wa mwani, yeye ndiye aliyemsomesha. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika chuo cha nje, na kazi yake ya maabara akaiomba aifanye nyumbani. Profesa wake tulimwona kwenye kompyuta tu, uso na ukuta wa nyuma yake. Watu wa maabara walimwita Asya Daktari tangu wiki ya kwanza, naye akijibu kila mara, "Bado, jamani." Mama yake hakungoja. Kijijini Uroa alishawaambia watu wote kuwa ana mtoto daktari, na watu wakamletea miguu yao iliyovimba watazamiwe.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe kama alivyonieleza, na nikikosea mnisahihishe, kwa sababu alinieleza mara nne na kila mara nilielewa mpaka nilipofika mlangoni. Kila kiumbe ana maandishi yake ndani ya seli, ndizo jeni. Kuna mkasi wa kuyakata maandishi hayo. Si wa chuma, ni protini. Mkasi wenyewe kipofu. Unashikwa mkono na kiuzi kifupi kinachoitwa RNA, ambacho hapo maabara tukikiita kiongozi, na kiongozi ndiye anayejua pa kukata. Watu wa zamani wa kazi hiyo wanautia mkasi na kiongozi wake pamoja, unakata, basi. Asya yeye alitaka kumfunga kiongozi kwanza. Anabandikwa vijipande vya kemikali mwilini mwake, akawa hawezi kukaa mahala pake. Mkasi upo, kiongozi yupo, lakini hapakatwi kitu. Kisha ukitaka pakatwe unatia dawa ya pili. Vijipande vinadondoka, kiongozi amefunguliwa, mkasi unafanya kazi.

"Mwanangu," nilimuuliza, "kwa nini umfunge kisha umfungue? Si usimtie mpaka umtake?"

"Bi Kazija, mkasi ukishaingia ndani ya seli huna tena amri nao. Ukikaa muda mrefu unakata na pasipotakiwa. Mie nnataka swichi. Ukate nnaposema mimi."

"Na ukishasema, unaweza kuuambia usikate?"

"Hilo ni la mtu mwingine," akasema. "Mie la kwangu ni kufungua."

Sisi hatukufika hata kwenye seli. Tulikuwa na jeni za mbu ndani ya tyubu, vile vichupa vya plastiki vya udogo wa ncha ya kidole, na swali lilikuwa moja: akifungwa, anafungika? Akifunguliwa, anafunguka? Lakini maneno yetu yalikuwa yanatoka nje. Mlinzi wetu wa getini alinisikia siku moja nikimwambia Asya kwa simu, "Viongozi wote wamefungwa, kesho tunawafungua nusu yao." Nilipopita jioni nikamkuta ameng'ang'ania redio, anaruka kutoka stesheni hadi stesheni. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani na nani. Nikamwambia ni viuzi. Mpaka nastaafu hakuniamini.

Viongozi hao waliofungwa walitengenezwa nje na kuletwa ndani ya barafu kavu, na mzigo wa kwanza ulikaa mahali fulani njiani siku ngapi sijui, ukafika vuguvugu. Mzigo wa pili ulifika salama, mdogo. Ulitosha majaribio machache ya kupasha mkono na jaribio moja kubwa. Jaribio kubwa likaangukia Ramadhani.

Tyubu zilikuwa kumi na nane, ukiacha zile mbili za kulinganishia zenye kiongozi wa kawaida asiyefungwa. Tisa kiongozi wake abaki amefungwa. Tisa zitiwe dawa ya pili, afunguliwe. Asya alitia dawa kwa mkono wake, mimi nikawa nafunika na kutia alama kwenye vifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika. Kifuniko kina upana wa punje ya mbaazi. Unaandika nini hapo? Nikaandika herufi moja, kama nilivyofunzwa. F juu ya tisa, na tisa nyingine nikaziacha tupu.

"Bi Kazija, nshamaliza. Umeshazitia alama?"

"Nshazitia. Hizi F, hizi tupu."

"F tisa?"

"F tisa, tupu tisa."

"Ahsante. Swaumu inanipiga leo, wallahi, kichwa hakishiki kitu."

Ndivyo tulivyozungumza, basi. Hakuniuliza F ya nini, na mimi sikumwambia, kwa sababu kwangu F ilikuwa ni ya imefungwa, itakuwa ya nini tena? Na kwake ilikuwa ni ya imefunguliwa, itakuwa ya nini tena? Sote wawili tumezaliwa na lugha hii, mchana kutwa tunaulizana nani amefunga na saa ngapi tunafungua, na hatukuona kwamba neno na kinyume chake yanaanza na herufi moja. Angekuwepo mgeni anayejifunza Kiswahili angetuuliza.

Majibu ya jaribio namna ile yanasomwa kwenye jeli, kibamba laini kinachopitishwa umeme ili vipande vya jeni vijitenge. Ukiona mstari mmoja unaowaka, jeni haikukatwa. Ukiona miwili, imekatwa. Asya aliitazama ile jeli, akatazama karatasi yake, akaitazama tena. Tisa zenye F zilikuwa na mstari mmoja mmoja. Tisa tupu zilikuwa na miwili. Kwa hesabu yake yeye, kiongozi aliyefungwa anakata na aliyefunguliwa hakati. Swichi yake ilikuwa kinyume na kila alichokiandika tangu alipoanza masomo. Alikaa chini, sakafuni, na buibui lake jeusi, akauliza, "Sasa hii nini?"

Profesa kwenye kompyuta akauliza swali ambalo lingeulizwa na mtu yeyote mwenye akili: je, alama hazikupinduliwa? Asya akanigeukia. Nilikuwa nasuuza sahani za jeli.

"Bi Kazija, pana uwezekano uliziweka alama vibaya?"

Nawaambia ukweli, iliniuma. Miaka yote hiyo, A na H zote zile. Nikamjibu, "Mie sikosei alama, Asya. Nilizozitia F ndizo nilizozitia F." Akamwambia profesa kwa Kiingereza kwamba fundi wetu hakosei. Na sikuwa nimekosea. Nilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, nikaliacha lile lililokuwepo. Profesa akaandika kwenye ripoti yake kwamba alama zimethibitishwa.

Kiongozi aliyefungwa alikuwa amekwisha, hata tone. Mzigo mwingine ulikuwa uombwe upya, utengenezwe upya, uidhinishwe upya. Asya alikuwa na njia mbili: aandike tasnifu isemayo fikra yake imeshindikana bila sababu inayojulikana, ambayo profesa alimwambia wazi haitapita, au angoje.

Kungoja kulikuwa na bei yake. Bi Mize alikuwa anaumwa moyo. Nilikwenda Uroa kumtazama baada ya Idi, nikamkuta amelazwa upenuni penye upepo, kamba za mwani zimening'inizwa ukutani hazina mtu wa kuzifunga. Alinishika mkono akaniuliza lini mwanawe atamaliza. Nikamwambia karibu. Akasema, "Nnataka nimwone amevaa lile joho, Kazija. Nshaona picha ya mtoto wa jirani amelivaa, na yule hata kusoma hakujua." Tukacheka. Alipocheka alikosa pumzi, nikamnyanyua mto. Asya alikuwa kasimama mlangoni anayasikia yote.

Wiki chache baadaye Asya alikuwa ananakili kitabu changu cha maabara kwenye kompyuta, mimi namalizia kufunga makabati yangu kwa sababu siku zangu zilikuwa zinahesabika. Alikuwa anasoma kwa sauti, kama anavyofanya akichoka. "Tupu, tisa. F, funguliwa, tisa."

"Umesema nini?"

"F tisa."

"Umesema F ya nini?"

"Funguliwa." Akaninyanyulia uso. "Si ndiyo?"

Nikamwambia F ni ya fungwa, mwanangu. Akafunua ile picha ya jeli, akaipitia na kidole, mstari kwa mstari, akisema fungwa, fungwa, fungwa, na kila mahali ilikaa sawasawa. Kiongozi aliyefungwa hakukata. Aliyefunguliwa alikata. Kila tyubu ilifanya kama ilivyotakiwa. Akanikumbatia, akalia begani kwangu, na mimi nikalia, na kwa dakika zile nadhani sote wawili tuliona tayari lile joho.

Profesa alisikiliza. Alisema anafurahi, na alisema pia kwamba yumo katika hali ngumu, kwa sababu fundi huyuhuyu alishathibitisha alama, na sasa anazigeuza, na anazigeuza upande ule ambao mwanafunzi anautaka. Hakunitusi. Alisema atakubali ikiwa nitaandika barua na kuitia saini, kwamba nakumbuka kwa hakika kuwa siku ile F niliiandika juu ya zilizofungwa. Kwa hakika, alilirudia hilo. Asya akaichapa barua mwenyewe, mistari minne, akaniwekea mezani na kalamu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika, na bado hakijatulia. Kabla ya kutia saini nilifungua kitabu changu nitazame ule ukurasa, ili mkono uwe mwepesi. Ukurasa wa siku ile ulisema F tisa, tupu tisa, hakuna zaidi. Nikarudi nyuma. Katika moja ya yale majaribio madogo ya kupasha mkono, wiki mbili kabla, niliandika kwa mkono wangu huu: F, baada ya dawa. Baada ya dawa ni zilizofunguliwa. Kumbe na mimi niliwahi kuitumia F kwa maana ile ya Asya.

Nilikaa nikajaribu kuiona siku ile ya Ramadhani. Niliona vifuniko. Niliona kalamu. Zilizotiwa dawa zilikuwa upande gani wa kibao cha kusimamishia tyubu? Kushoto, nikaona. Kisha nikaona kulia. Kila nikimfikiria Bi Mize upenuni, nakumbuka wazi kabisa kwamba F ni ya fungwa, na huo uwazi ndio ulionitisha. Je, nakumbuka, au nataka? Sikuwahi kujiuliza swali hilo kazini. Chini ya darubini kitu kipo au hakipo.

Asya akaja mchana. Akaiona barua haina saini, akaona kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa ule wa nyuma. Akausoma.

"Lakini hii ni siku nyingine, Bi Kazija."

"Najua."

"Siku yenyewe, unakumbuka F ya fungwa?"

"Nadhani."

"Jana ulisema unakumbuka."

"Jana sikuwa nimeusoma huu."

"Bi Kazija." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jeli yenyewe inasema. Wewe na mie tunajua ni kweli. Ni saini tu."

"Mwanangu, kama jeli ndiyo inayonikumbusha, basi sikumbuki mie, inakumbuka jeli. Barua inasema mimi ninakumbuka kwa hakika. Sina hakika."

Nilitaka anipigie kelele, ingekuwa rahisi. Akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akasema, "Basi, usitie." Akaenda kuandika maombi ya mzigo mpya. Toka siku hiyo mpaka nastaafu aliniamkia kila asubuhi, shikamoo Bi Kazija, kama kawaida, lakini chai yake akiinywa chumba kingine. Nikajiambia nimefanya lililo haki. Nikirudi nyumbani Mtoni najiambia nimefanya ukaidi, mwanamke mzima anaona jina lake ni zito kuliko mgonjwa. Asubuhi naamka na lile la kwanza, nikifika kazini nina la pili. Sikupata mtu wa kuniamulia, na Mzee Makame alishatangulia zamani.

Mzigo mpya ulichukua mwaka na kitu. Mimi nilikuwa nshaondoka. Asya alirudia jaribio zima, na safari hii, nimeambiwa na nyinyi wenyewe, juu ya kila tyubu aligandisha kikaratasi chenye neno kamili, IMEFUNGWA, IMEFUNGULIWA, vikaratasi vikubwa kuliko tyubu zenyewe, zikawa haziingii kwenye mashine mpaka avikate kwa mkasi wa kawaida.

Bi Mize alifariki kabla ya mashine hiyo kuwashwa, kwa siku kumi na moja.

Nilikwenda Uroa kwenye hitma, karibu wiki mbili baada ya maziko. Wanawake wa kijijini walikuwa wanampa Asya mkono mmoja mmoja na kumwita daktari, pole daktari, Mungu akupe subira daktari, naye hakumsahihisha hata mmoja. Watu walipopungua akaja kukaa karibu yangu kwenye mkeka. Alikuwa amekonda. Akaniambia majibu yametoka juzi. Waliofungwa hawakukata, waliofunguliwa wamekata, kumi na nane zote.

"Kwa hivyo ilikuwa F ya fungwa," akasema. "Ulikuwa sawa, Bi Kazija. Siku ile ungetia saini, ungekuwa umesema kweli."

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

Akanitazama, si kwa hasira, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Pole ya mama, au pole ya mwaka?"